Kupanga stoo kwenye banda la gari: njia zipi zinakutia hasara na zipi zinadumu, nimezipambanisha

Jamani ngoja niende moja kwa moja. Nakaa Kigamboni, upande ambao upepo wa bahari unaingia mpaka sebuleni, na kwa miaka sita sasa banda letu la gari limekuwa stoo, gari lenyewe linalala nje. Kila nilichokiona kwenye vidio za kupanga gereji nimekijaribu, na vingi vimeniharibikia mkononi kabla mwaka haujaisha. Sio kwamba wale watu ni waongo. Vidio zile nyingi zinatoka Marekani na gereji ya kule ni chumba kilichofungwa kabisa, ukuta wake una nguzo za mbao kila baada ya inchi 16 afu juu yake wamepigilia jipsam, kwa hiyo ndoano zao, reli zao, makabati yao ya kuning'inia, vyote vimetengenezwa kwa ajili ya skrubu inayoingia kwenye mbao. Kwetu ukuta ni tofali la saruji, mlango ni geti la nondo linalopitisha hewa, vumbi na panya, na chini ya sakafu mchwa wapo wanasubiri. Ndo maana mi silinganishi kwa bei tu, nalinganisha kwa hayo matatu: ukuta, hewa, na wadudu.

Kutundika ukutani au shelfu ya kusimama?

Hapa ndo wengi tunaanzia, na hapa ndo mi nilianza kulia. Nilinunua reli ya chuma na ndoano zake za baiskeli, nzuri kwelikweli, nikamwita fundi. Tobo la kwanza lipu ilikatika vizuri, afu ghafla biti ikazama yenyewe kama inaingia kwenye mkate, na mchanga ukaanza kumiminika. Mkavu, wa kijivu, unatiririka tu mpaka sakafuni hata baada ya yeye kuchomoa drili. Akasukumia rolplagi, kile kiplastiki cha kushika skrubu ukutani, ikawa inacheza humo ndani. Akageuka akaniambia, "Dada, hili tofali ni mchanga mtupu, ukitundika kofia sawa, baiskeli hapana." Nikamwomba aweke tu, rolplagi kubwa zaidi, skrubu ndefu zaidi. Miezi miwili baadae reli ikang'oka na kipande cha lipu saizi ya sahani, baiskeli ya mtoto ikaangukia ndoo ya rangi iliyokuwa chini yake, na namshukuru Mungu mtoto hakuwepo.

Sasa ukilinganisha: reli inaokoa nafasi ya sakafu, hilo kweli, na kama nyumba yako ina nguzo za zege au umejenga kwa tofali za kiwandani zilizoshindiliwa vizuri, itabeba. Wenzetu wa Nairobi waliojenga kwa mawe ya kuchonga nao hawana shida sana. Ila kwa tofali za kufyatua mtaani, ambazo mfuko mmoja wa saruji umetoa tofali nyingi kuliko inavyotakiwa, achana nayo. Kujua ni rahisi, toboa tobo moja kwenye kona isiyoonekana. Ikitoka unga laini na biti inapata upinzani muda wote, endelea. Ukimwagika mchanga, simama hapohapo usipoteze hela.

Shelfu ya kusimama inakula sakafu, sentimita 40 hivi kutoka ukutani, lakini mzigo wote unashuka kwa miguu yake mwenyewe na ukuta unafanya kazi moja tu ya kuizuia isipinduke, tena kwa skrubu mbili za juu ambazo hata tofali dhaifu linaziweza. Vizito vikae chini, vyepesi juu, hapo umemaliza. Baiskeli nazo tuliishia kumwambia fundi wa kuchomelea atutengenezee kisimamo cha bomba kama kile cha mashuleni, zinasimama sakafuni, na mtoto anaitoa ya kwake bila kuita mtu.

Kuna ule ubao wa matundu matundu wa kutundikia nyundo na spana. Ule mara nyingi ni hadibodi, ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Masika moja tu, Machi mpaka Mei, ulivimba ukapinda katikati na ndoano zikawa zinatoka kila ukichukua kifaa. Papi tatu, zile mbao nyembamba, zilizopigwa kwenye fremu ya shelfu na misumari ya inchi 3 iliyoinamishwa kidogo kwa juu zinafanya kazi ileile, na msumari hauchomoki pamoja na nyundo.

Shelfu ya nini sasa?

Hapa ndo penye hela yenyewe so nitakaa kidogo.

Za kwanza ni zile za bati jembamba za kufunga kwa nati, zinakuja kwenye boksi, unafunga mwenyewe nusu saa, na sehemu ya kuwekea vitu ni MDF au chipbodi. Dukani zinapendeza. Tatizo MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na chipbodi ni vipande vya mbao vilivyogandishwa vilevile, ikinywa maji inavimba na hairudi tena hata ukiianika wiki nzima. Ya kwangu haikumwagiwa hata maji, ni unyevu wa hewa tu na kitambaa kibichi kilichosahaulika juu yake siku mbili, ukingo ukafumuka kama kitumbua. Na bati lenyewe limepigwa rangi ya kuokwa kiwandani, ambayo ni nzuri mpaka ichubuke, maana ikichubuka kona moja chumvi ya bahari inaingia chini ya rangi na kutu inatembea humo ndani bila wewe kuiona, unakuja kushtuka rangi inabanduka kama ganda. Nati ndo zinaanza kufa. Kama uko Dodoma au Singida, kukavu, mbali na bahari, shelfu hizi zitakutumikia miaka. Mtwara, Tanga, Mombasa, Zanzibar, mi siwezi kumshauri ndugu yangu.

Ya pili ni mbao. Harufu nzuri, fundi seremala yupo kila mtaa, na inaungika popote. Lakini mbao ipi? Paini nyeupe isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa, hakuna lugha nyingine. Sisi tulikuwa tumeegemeza shelfu ya paini ukutani kabisa, imegusana na lipu, hatukuona kitu mpaka siku baba watoto alipoweka toolboksi juu yake na ubao ukazama. Ndani ulikuwa mtupu, umebaki ganda la nje na rangi, na nyuma kulikuwa na zile njia zao za udongo zimepanda ukutani kama mishipa. Mbao iliyotiwa dawa kiwandani au mninga inawashinda, ila mninga kwa stoo ni kama kuvaa suti kwenda shamba, hela hiyo kafanyie mlango wa mbele. Vyovyote utakavyochagua, acha upana wa kiganja kati ya shelfu na ukuta ili ukimulika tochi uione njia ya mchwa ikianza, na miguu isiguse sakafu moja kwa moja, weka kipande cha tofali au chuma chini.

Ya tatu, ambayo ndo tumebaki nayo, ni fremu ya skwea paipu, bomba la chuma la pembe nne, ya kuchomelea na mbao za treated, zilizotiwa dawa, juu yake. Inauma kwenye hela ya mwanzo na ni nzito kuhamisha, watu wawili hawaibebi. Lakini ina mwaka wa nne na nimeipaka rangi mara moja tu. Siri iko kwenye mambo ambayo fundi akiwa na haraka anayaruka: apige grenda kila alipochomelea, apake redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili kabla ya rangi ya mafuta, na ncha za bomba azizibe kwa vifuniko vya plastiki, kwa sababu bomba likibaki wazi chini maji ya kudekia yanaingia na kutu inakula kutokea ndani. Simama naye siku hiyo, usimwachie tu akwambie "imeshakaa sawa bosi".

Kuhusu kina, msidanganyike na shelfu ya sentimita 60 kwamba inabeba zaidi. Inabeba, ndio, ila safu ya nyuma inageuka kaburi, unanunua koleo la tatu wakati mawili yako nyuma ya diaba. Sentimita 40 unaona kila kitu kwa jicho moja. 60 iache kwa ngazi ya chini tu, ya jenereta na madiaba.

Vya kuhifadhia: boksi, kiroba, ndoo, tranka, kontena

Boksi la katoni ni bure na ndo sababu kila mtu anaanza nalo. Kwa kuhama nyumba sawa. Kwa kukaa miezi hapana, linanyonya unyevu kwa chini likalegea, na ile mikunjo ya ndani ya katoni ndo nyumba ya mende, wanataga humo na mayai yanaingia nayo ndani kwako siku unayoleta boksi kutoka dukani. Nguo za watoto wachanga tulizokuwa tunatunza kwa ajili ya mdogo wangu zilitoka na madoa ya kahawia na harufu ambayo haikutoka kwa sabuni yoyote, nilizitupa huku naumia.

Kiroba, ile salfeti ya mchele au unga, kina nguvu ajabu kikiwa gizani. Kikikaa karibu na geti jua likakipiga kila mchana, baada ya miezi unakishika kinakatika kama majani makavu na vumbi jeupe linabaki vidoleni. Tena kiroba hakisimami na hakionyeshi kilichomo, kila ukitafuta kitu unamwaga chote.

Ndoo za rangi za lita 20 mi nazipenda kuliko wengi wanavyozipa sifa. Mfuniko unabana, panya hawezi kirahisi, maji hayaingii, na mafundi rangi wanaziacha tu. Udhaifu wake ni kwamba ni duara kwa hiyo zinapoteza nafasi kati yake, na huoni ndani. Kwa mkaa, chakula cha mbwa, kamba, mbegu, hakuna kinachoishinda. Kwa vitu vidogo vidogo itakutesa. Na andika jina kwenye mwili wa ndoo sio kwenye mfuniko, mifuniko inabadilishana na siku moja utafungua "misumari" ukute mbolea.

Tranka la shule nalo. Kila nyumba ina moja au mawili yaliyorudi bwenini na hayana kazi. Panya hapenyi na unaweka kufuli, so kwa vifaa vya thamani kama drili na grenda linafaa kuliko kontena la plastiki lolote. Liweke juu ya vipande viwili vya mbao ndo halitaoza kitako, na usiweke vyeti wala picha humo, bati likipoa usiku linatoa jasho ndani.

Makontena ya plastiki yenye mfuniko, yale ya kuonyesha ndani, ndo bora kwa nguo, nyaya, vitu vya sikukuu na vitabu. Lakini kuna mtego. Yale makubwa ya lita 100 ukiyajaza vitabu huwezi kuyashusha peke yako, na ukipanga manne juu ya mengine mfuniko wa chini kabisa unapinda katikati kisha unapasuka pembeni, na ukishapasuka lile ni beseni tu. Chukua ya saizi ya kati, kwenye lita 40 hivi, yapange mawili mawili tu, na nunua ya aina moja yote hata kama utanunua kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Aina tofauti hazikaliani.

Na kwa wale ambao banda hili ndo linapokea mahindi yakitoka kijijini: kiroba cha kawaida na dawa ya kuchanganya, au mfuko wa tabaka tatu unaoitwa PICS? Mi nimehamia PICS moja kwa moja. Ilibuniwa na watu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde kule Kameruni, ina mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje, ukifunga kila tabaka kwa kamba hewa inaisha na dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, wanakufa bila dawa yoyote. Inamwangusha mtu kwa mambo mawili. Mahindi yakiingia na unyevu yataota ukungu humohumo, na ukungu ndo unaoleta sumukuvu, tunakumbuka 2016 watu walivyofariki Dodoma na Manyara. Afu panya akitoboa tobo moja faida yote imekwisha, kwa hiyo uwe juu ya paleti, mbali na ukuta.

Kuweka vitu juu ya dari

Hii nasema kwa nguvu. Kwenye vidio wanaonyesha raki ya kuning'inia darini inabeba makontena sita, inavutia sana kwa sababu sakafu yote inabaki wazi. Dari zetu nyingi ni jipsam au silingibodi iliyoshikwa na fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2, na fremu ile kazi yake ni kubeba ubao wa dari basi, haikuhesabiwa mzigo wa mtu wala wa sanduku. Kama banda lako halina dari na unaona kenchi, zile mbao zinazobeba paa, usishangilie pia, kenchi ilipimwa kwa mabati na upepo. Na chini ya bati mchana kuna joto linalofanya plastiki ilegee, gundi iyeyuke na betri ziharibike. Kilicho chepesi kabisa, fimbo za pazia, mikeka, mti wa Krismasi wa plastiki, funga kwa kamba kwenye boriti. Vingine vyote vishuke chini. Kama unakosa nafasi kweli, ongeza ngazi moja ya shelfu juu ya zile ulizonazo, inafanya kazi ileile na unaifikia kwa stuli.

Kupambana na unyevu

Watu wanashauriana kuweka mkaa au chumvi ya mawe kwenye bakuli ili inyonye unyevu. Ndani ya kontena lililofungwa inasaidia. Kwenye banda lenye geti la nondo unajaribu kukausha bahari, hewa mbichi inaingia kila dakika. Huko kinachosaidia ni upepo upite: shelfu zisizibe ukuta, kila kitu kiwe juu angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, na siku za jua kali fungua geti kuanzia asubuhi.

Mifuko ya kunyonya hewa ya nguo, ile unayovutia kwa vakyumu, ilinipa furaha wiki tatu. Hewa inarudi polepole kupitia vali, na kama nguo haikukauka sawasawa umeifungia na ukungu wake. Blanketi za wageni sasa ziko kwenye kontena la kawaida na ziko salama.

Saruji iliyobaki kwenye ujenzi pia ina mjadala wake. Kuilaza sakafuni ukutani ndo njia ya haraka ya kupata jiwe. Juu ya paleti, imefunikwa nailoni, imesogezwa mbali na ukuta, inakaa vizuri zaidi, ila hata hapo baada ya miezi mitatu nguvu imeshapungua, itumie kwa kazi ndogo kama kuziba nyufa, sio nguzo. Bora umgawie jirani anayejenga sasa hivi.

Matairi ya zamani: nje uani au ndani? Ndani, kila mara. Tairi lililolala nje linashika maji ya mvua na pale ndo mbu wa dengi anataga, yule anayeuma mchana, na mayai yake yanavumilia ukavu kwa miezi yakisubiri mvua nyingine. Dar tulipata mlipuko 2014 na tena 2019. Yasimamishe ndani kwenye bomba mbili, na kama hayana kazi tena yauze.

Petroli na gesi

Kwa hivi viwili sitalinganisha shelfu ipi ni nzuri, maana yoyote ndani ya banda lililoungana na nyumba ni mbaya. Watu wengi tuna dumu la petroli la jenereta limekaa chini ya shelfu ya mwisho na mtungi wa akiba wa kilo 15 pembeni yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na gesi ya kupikia vilevile, vikivuja havipandi juu vikapotea, vinatambaa sakafuni kama maji vikitafuta swichi, friji ya akiba au mtu mwenye sigara. Baba watoto alijenga kijumba cha tofali nje ya uzio wa jikoni, futi tatu kwa tatu, mlango wa nondo, paa la bati, kivuli cha mwembe, petroli tukanunua ya kutumia wiki hiyo tu kwenye dumu lenye mfuniko unaobana, na mtungi unasimama wima muda wote. Kazi ya siku mbili ile. Kama leo hata shelfu huna hela yake, anza na hivi kuvitoa nje, mengine yatasubiri mwisho wa mwezi.